Mitungi Iliyobonyea Upande Mmoja

Isabela alipanda Newala kwa basi la Masasi kugawana na ndugu zake vyombo vya marehemu mama yao, na kazi ya Dar ikamfuata mpaka barazani. Kwenye kompyuta yake, mashine ya leza ya kupimia, iliyobaki Dar, ilikuwa imechora yai.

"Yai la nini hilo?" aliuliza mama mdogo Scholastika, akipangusa mtungi.

"Lilitakiwa liwe duara, mama mdogo. Tunapima urefu kwa mawimbi ya mwanga. Mashine ikiwa na kasoro, kosa hurudi kila wimbi, pale pale. Natafuta mstari umevutwa upande gani, halafu naunyoosha kwa hesabu."

Alibonyeza, yai likawa duara. Mama mdogo akaangua kicheko. "Ungemsaidia marehemu! Mitungi yake yote imebonyea upande mmoja. Wanunuzi wa Tandahimba walimtania mpaka basi."

Isabela akapitisha kidole kwenye mdomo wa mtungi. Kweli. Akachukua mwingine, vilevile. Harufu ya udongo ikamrudisha utotoni, kwenye mkeka wa baraza hii hii, kifua kimembana, akimtazama mama akiuzunguka mtungi, kiuno kimeinama. Watoto wenzake walibebwa, yeye alitazama mgongo. Miaka yote aliamini kwamba mama aliipenda mitungi kuliko yeye, na sasa hakuwapo tena wa kumwuliza. Iliuma.

"Kosa likirudi kila mzunguko, sababu nayo inarudi," alisema, akijikaza kama yuko kazini. "Kulikuwa na jiwe pale alipopita?"

"Jiwe! We mtoto! Kwetu mtungi hauzungushwi, unauzunguka mwenyewe, na mkono hautoki mpaka mdomo uishe. Kila akifika upande wa baraza, dada alikutupia jicho aone kama bado unahema. Mkono ukakandamiza udongo pale pale. Nilimwambia akulaze ndani akagoma, eti huko hakuoni."

"Mbona sikuwahi kumwona akinitazama?"

"Alingoja ufumbe macho. Hakutaka uione hofu yake."

Isabela akafunga kompyuta. Ndugu zake waligawana vitanda na masufuria, yeye akachagua mtungi uliobonyea kuliko yote.

"Huo ni wa masika yale uliyozidiwa na kifua," mama mdogo alisema.

Isabela akaupakata, akalia kwa sauti pale pale ulipokuwa mkeka wake.