Damu ya Kuazima

Wewe unayesoma, jambo hili unalijua, na kila ukilifikia unageuza uso, unajifanya unatafuta miwani. Itafute baadaye. Kwanza sikiliza habari za fundi cherehani na mume wake muuza nyama, ambaye mtaa mzima ulimwita Kilo.

Fundi alikuwa na mimba changa. Kliniki walimpima damu wakamkuta amebeba chembe ya urithi ya selimundu, ule ugonjwa unaopinda chembe za damu mpaka mtoto analia viungo kama anavunjwa. Yeye mwenyewe mzima.

"Kama na baba anayo, mtoto anaweza kuzaliwa mgonjwa," muuguzi alimwambia. "Mlete tumpime. Tukimkuta nayo, mtaenda hospitali kubwa apimwe mtoto humo humo tumboni, mjue mapema mnajipanga vipi. Lakini wahini, mimba haina breki."

Kilo, anayepasua ng'ombe kila alfajiri, damu mpaka viwikoni, aliposikia neno sindano alitafuta kiti.

"Mimi nina kazi," alisema.

Mama mkwe akapanda juu. "Kwetu hakuna ugonjwa, mkamwana. Usituletee."

"Mama, si uliwazika watoto wawili kabla ya huyu mwanao? Waliokuwa wakilia magoti?"

"Wale walimalizwa na jicho la watu!"

Enzi hizo jicho hilo alibandikwa jirani mjane, akahama mtaa na masufuria yake kichwani. Waliomzomea wamesahau. Yeye hajasahau.

Wiki mbili zikapita Kilo akipiga chenga. Siku moja akatangaza kwamba amepimwa na hana kitu, na kliniki wakathibitisha. Mama mkwe alipiga vigelegele utadhani kapimwa yeye. Fundi alicheka mpaka machozi, akaanza kushona vinguo vidogo.

Jioni akaja shemeji yake, kinyozi, mdogo wake Kilo. Aliponyoosha mkono kunawa, fundi akaona plasta kwenye kiwiko.

"Umeumia, shemeji?"

"Si mambo yenu hayo! Yule binti wa kliniki alinichoma mara mbili, nami nimeitika jina la kaka. Nipakulie mnofu mkubwa, nimeutokea jasho."

Hakuna aliyeona haya, na hapo ndipo penye kichekesho. Mama mkwe alieleza kwa upole, kama anayefundisha mtoto kuhesabu. "Wote wawili wametoka tumbo hili. Mchuzi ukishauonja kwa kijiko kimoja, cha pili cha nini?"

"Basi niambieni, Mama. Mimba hii ni ya shemeji?"

Shemeji akapaliwa.

Asubuhi fundi aliingia buchani. Foleni ilikuwa imefika mlangoni.

"Vua aproni, twende."

"Wateja, mke wangu."

"Nani hapa ana haraka kuliko mimi?"

Wateja wakakazana kutazama maini. Kilo akainama, akanong'ona, "Na wakinikuta nayo?"

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu mambo yaanze.

"Tutajua tunapambana na nini."

"Mama atasemaje?"

"Atasema jicho. Vua aproni."

Alienda. Alipiga ukelele kabla sindano haijatoka kwenye pakiti, lakini mkono aliutoa. Majibu yakatoka: anayo. Sasa wako hospitali kubwa, na daktari, akitazama tumbo lililokwisha kuchomoza, anauliza swali ambalo Kilo hana pa kulikwepea: "Mlikuwa wapi siku zote hizi?" Mtoto atapimwa, ila muda wa kujipanga umeliwa na heshima ya ukoo.

Umecheka? Haya, vizuri. Sasa hivi kuna mwanamke kwenye benchi la kliniki, ameulizwa baba yuko wapi, anatazama sakafu. Kama ni mkeo, dada yako au mkamwana wako, weka chini unachosoma. Mtafute huyo baba, mshike mkono, mpeleke. Kama huyo baba ni wewe, unangoja nini? Inuka!