Maji ya Wodi ya Mapafu

Jumanne baada ya chakula cha mchana, Birthe, muuguzi wa zamu, alifungua bomba la jikoni katika wodi ya mapafu ili ajaze jagi, na maji yakatoka na mapovu. Alionja. Yalikuwa maji ya gesi, baridi na makali kidogo ulimini, yale ambayo kila nyumba hapa Jutland hununua kwa kreti. Akayaweka mezani pamoja na glasi. Mgonjwa wa dirishani akauliza kama kuna limau.

Upande wa pili wa ukuta wa jikoni alilala Gunhild, aliyewafundisha watoto wa mji huu kuogelea, na yeye akavuta sigara kila walipokwenda kujikausha. Aliletwa Jumapili, midomo imekuwa ya bluu lakini akili timamu. Njiani alimkosoa dereva wa ambulensi kwa kupita barabara ndefu. Alhamisi angekuja mtu wa halmashauri kumhoji kama anaweza kuendelea kuishi peke yake kwenye nyumba yake yenye bustani. Gunhild alitaka kurudi nyumbani, basi. Maswali yenyewe hakuyaogopa.

Katika wodi ile kengele za vitanda vyote zimetegwa zilie oksijeni ya mgonjwa ikishuka chini ya asilimia tisini na nne, tangu ndugu wa mgonjwa fulani alipolalamika gazetini. Gunhild hajafika tisini na nne tangu astaafu. Themanini na nane kwake ni afya njema. Kwa hiyo kengele ililia, na kila aliyepita, awe muuguzi au mwanafunzi, alimfungulia oksijeni kidogo zaidi. Kengele ikanyamaza. Wote walifanya hivyo kwa huruma, na ndiyo maana sijui nimkasirikie nani, ingawa nimekasirika.

Asger, daktari kijana, alimtoa Gunhild damu ya mshipa wa ateri kwenye kifundo cha mkono, akaipeleka kwenye mashine mwisho wa korido. Majibu yakatoka. Oksijeni ilikuwa nzuri kabisa. Kabonidioksidi, hewa chafu tunayoitoa tukipumua, ilikaribia mara mbili ya kawaida, na damu ilikuwa imeanza kuchacha kwa asidi. Asger alisoma kutoka juu, halafu kutoka chini. Mapafu kama yale yakishibishwa oksijeni huzembea kutoa hewa chafu, nayo ikijaa humlevya mtu kwa usingizi. Hilo alilijibu vizuri kwenye mtihani. Kilichomchanganya ni kwamba, kwa hesabu yake, hewa chafu ilipaswa kuwa nyingi zaidi. Iliyobaki ilikuwa wapi? Akaenda jikoni kunywa maji apate kufikiri.

"Birthe," alisema, glasi mkononi, "hii ni hewa ya Gunhild."

"Tumeshajua. Akisinzia ndipo maji yanakolea gesi."

"Nani kafungua oksijeni yote ile?"

"Niulize nani hajafungua."

Asger akaipunguza. Kabla ya kahawa ya alasiri bomba lilikuwa likitoa maji ya kawaida, na Gunhild akafumbua macho, akamwona mwanawe Poul-Erik ameketi kando.

"Ndevu gani hizo, mwanangu? Umefukuzwa nyumbani?"

"Mama, jana uliniita kwa jina la mbwa."

"Mbwa alikuwa ananitembelea. Sikiliza, Alhamisi wananihoji. Usikubali waniulize nikiwa nimelala."

Kengele ililia muda wote huo. Asger akampigia simu Merete, mkuu wa wodi, akaomba kengele ya kitanda kimoja tu ishushwe.

"Kengele ni za kamati, Asger. Kamati inakutana baada ya likizo ya kiangazi."

"Gunhild atakuwa ameshahojiwa."

"Basi mpime damu tena."

Alimpima tena, na tena. Kila alipopunguza oksijeni Gunhild alizinduka, na kila alipokwenda kwa mgonjwa mwingine mtu alisikia kengele na kufungua oksijeni tena. Mgonjwa wa dirishani alilalamika kwamba kelele zinamkosesha usingizi, na kwamba siku hizi maji hayaeleweki, mara yana gesi, mara hayana.

Alhamisi alikuja Jytte wa halmashauri. Birthe alimpa glasi, naye akayasifu maji. Siku hiyo yalikuwa yamekolea kuliko siku zote.

"Gunhild, leo ni siku gani?"

"Maji ya baridi," alisema Gunhild. "Watoto watoke."

"Na unaishi wapi?"

Gunhild alifikiri, akatabasamu kwa adabu, akalala.

"Huwa hayuko hivi," alisema Poul-Erik. "Juzi alinisema mpaka nikaona haya."

"Wengi huwa na siku zao nzuri."

Asger alieleza kwamba damu imechacha, na kwamba sababu ni oksijeni. Jytte alimsikiliza kwa makini, mtu mwema kabisa.

"Kwani oksijeni yenyewe ikoje?"

"Nzuri sana," alisema Asger, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Basi tatizo si kupumua," alisema Jytte, na akaomba glasi nyingine.

Wiki iliyofuata Gunhild alipelekwa nyumba ya wazee na mtungi mdogo wa oksijeni uliofunguliwa kidogo tu. Huko hakuna kengele. Jioni hiyo hiyo akili ilimrudia yote, akaketi kitandani, akatazama dirisha.

"Poul-Erik, haya mapazia ni ya nani?"

Poul-Erik alimweleza. Gunhild hakupiga kelele. Alisema leo ni Jumatano, akataja mtaa wake, namba ya nyumba, na upande ambao mlango wa bustani hufungukia. Kisha akauliza ni nani wa kumwambia majibu hayo.

Kule wodini kitanda chake kilipata mgonjwa mwingine, mtumishi mstaafu wa posta, mvuta kiko. Kengele ililia, mtu aliyekuwa akipita akamfungulia oksijeni. Asger alimtoa damu, akasoma majibu kutoka juu, halafu kutoka chini. Birthe alifungua bomba, akasikiliza, akaenda kukata limau.