Karatasi za Shauna Mikononi mwa Noelene

Waziri mkuu wa jimbo letu alijiuzulu, akasema anataka kukaa zaidi na familia yake. Sisi wa Boorandi, tuliomchagua miaka yote hiyo, tukabaki na kiti kitupu bungeni na uchaguzi mdogo wa kukijaza. Mimi sikumlilia. Ndiye aliyefunga wodi ya wazazi katika hospitali yetu, akatuambia kwamba mji wa pili hauko mbali. Kwa mtu aliyezoea kuendeshwa, labda. Kwa mwanamke mwenye uchungu ni mwendo wa saa mbili, na kangaruu wanakukatizia barabara.

Siku ya kura nilisimama langoni mwa shule ya msingi nikigawa karatasi za Shauna Keogh. Shauna alikuwa mkunga katika wodi ileile, na sasa aligombea bila chama, kwa ahadi moja tu, wodi ifunguliwe. Wagombea walikuwa tisa, na kwetu ni lazima uwape wote namba, kuanzia unayemtaka hadi yule usiyetaka hata kumwona. Ukimruka mmoja, kura imeharibika. Kwa hiyo watu wengi huchukua pale langoni karatasi ya mgombea wao, iliyokwisha kupangwa namba zote, wakaingia nayo ndani na kunakili namba zake kama zilivyo. Mgombea asiye na mtu langoni amekwisha. Na pale shuleni Shauna alikuwa na mtu mmoja, mimi.

Upande wa pili wa lango alisimama Noelene Tranter, akigawa karatasi za chama cha huyo waziri mkuu aliyeondoka. Mimi na Noelene tumesimama pale tangu watoto wetu wakiwa wadogo, yeye kwa chama chake, mimi kwa yeyote anayekipinga, na kila mara yeye ndiye aliyekwenda kulala akicheka. Huwa tunaulizana habari za magoti, tunagawana chai, halafu tunarushiana maneno siku nzima. Asubuhi ile aliniuliza kama bado sijachoka kushindwa. Nikamwambia chama chake kimeshafunga wodi, kilichobaki ni kufunga midomo yetu. Lindsay, aliyekuwa akichoma soseji za kuchangia shule, akatuomba tugombane taratibu, tunamfukuzia wateja.

Ndipo simu yangu ikalia. Alikuwa binti yangu Tegan. Chupa imepasuka, na siku zake zilikuwa bado. Mumewe yuko na lori lake jimbo jirani, na gari pekee la wagonjwa limeitwa kwenye ajali. Akasema, "Mama, njoo."

Nilitazama foleni, ilikuwa imefika barabarani. Nikampigia Shauna, hakupokea. Nilitamani ningeweza kujigawa. Noelene alikuwa amesikia yote, maana masikio yake hayajazeeka hata kidogo. Akanyoosha mkono.

"Nipe hizo karatasi."

"Nikupe ukazitupe?"

"Mwanao ana uchungu, Glenda, wewe unaniletea siasa. Nipe, uende."

Desturi ipo: mmoja akienda chooni, mpinzani wake humshikia karatasi na kuzigawa kwa niaba yake. Lakini choo ni mara moja unarudi. Mimi nilikuwa naacha siku nzima, katika uchaguzi pekee ambao tungeweza kushinda. Nilimpa kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumpa. Njiani nilimsema vibaya mpaka Tegan akaniambia ninyamaze, anayejifungua ni yeye.

Tulifika, ila nusura tusifike. Kuna mahali nilisimamisha gari kando ya mashamba ya ngano, Tegan kanishika mkono, ananiuliza itakuwaje mtoto akitoka hapa. Nikawasha gari tena. Mjukuu wangu alizaliwa muda mfupi tu baada ya sisi kuingia hospitalini, msichana, mzima kabisa, na sauti ya kumshinda bibi yake. Nilimshukuru Mungu, nikawashukuru wauguzi mpaka wakaanza kunikwepa.

Jioni Shauna akanipigia. Ameshinda, kwa tofauti ya kura chache. Halafu akaniuliza nilifanya nini pale shuleni, maana sanduku letu la kura, ambalo halijawahi kukiacha kile chama, safari hii limempa yeye, na ndilo lililomvusha. Nikamwambia sikuwepo. Akadhani natania.

Lindsay ndiye aliyenisimulia. Noelene alisimama katikati ya lango, karatasi zake mkono wa kulia, zangu mkono wa kushoto, na hakuna aliyepita bila kupewa zote mbili. Watu walishangaa, kwa sababu mji mzima unatujua. Kila aliyeuliza Glenda yuko wapi alijibiwa kwamba amempeleka Tegan kujifungua mji wa pili, kwa gari lake mwenyewe, kwa kuwa hapa hakuna tena pa kujifungulia. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Mchana akaja mkubwa mmoja wa chama chake, akamvuta pembeni, akamwambia anawamaliza. Noelene akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kusimama palepale na kuendelea kuwajibu watu vilevile. Akaambiwa uchaguzi ujao asijisumbue kuja.

Tegan aliporuhusiwa kutoka hospitalini, nilipitia kwa Noelene, mama na mtoto wakanisubiri kwenye gari. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya shukrani tangu barabarani. Alipofungua mlango yote yakanipotea, nikaanza kulia.

"Usinililie hapa," alisema. "Huyo Shauna wako sikumpa kura. Nilikipa chama changu kama siku zote."

"Najua. Lakini walipokukataza, si ungenyamaza tu? Umewakosesha kiti, nao wamekufukuza."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Watu waliniuliza uko wapi, Glenda. Ningesemaje?"

Nilimshika mkono mzee mwenzangu yule, nikamwongoza hadi kwenye gari akamwone mtoto.