Glavu ya Mkono wa Kushoto

Hakimu Barzilai Crewe alipofariki, glavu zilitumwa nyumba hadi nyumba hapa Ipswich, mji wetu wa koloni, maana bila glavu hujaalikwa mazishini. Nyeupe, za ngozi laini ya mwanambuzi, zilikuwa za wabeba jeneza. Wengine walipata za kondoo.

Wakili Zabdiel Thorne alipata moja. Moja tu, kuukuu, ya mkono wa kushoto.

"Kidole gumba kimeshonwa kwa uzi wa buluu," alisema mkewe Mehetabel, akiigeuzageuza dirishani. "Bwana, hebu iangalie."

"Sitaki kuiangalia! Peleg Wadlin kapata nyeupe, jozi nzima. Peleg! Juzi tu alikuwa hajui kuandika hati ya mashtaka."

"Wivu wako utakumaliza kabla ya hii baridi."

Kwa miaka thelathini wivu ulikuwa umekaa na Zabdiel mezani kama mgeni asiyeaga. Yeye na Barzilai walijifunza sheria kwa bwana mmoja, wakanakili vitabu vilevile kwa mshumaa mmoja. Kisha Gavana akamfanya Barzilai mwanasheria wa mfalme, halafu hakimu, halafu mjumbe wa baraza. Zabdiel alibaki na kesi za mipaka na za nguruwe waliovunja ua. Kila alipoinama mbele ya lile joho jekundu la hakimu alijiambia: lingenikaa mimi vizuri zaidi. Sasa alitaka kitu kimoja tu, kulibeba jeneza, mji mzima uone kwamba hakimu alimhesabu wa kwanza.

Aliitia glavu mfukoni, akaenda kuirudisha nyumbani kwa marehemu.

Mlangoni, Peleg alikuwa akizinyoosha zake nyeupe vidoleni.

"Mzee Zabdiel, nasikia umealikwa nusu! Utaingia mguu mmoja?"

"Na wewe zimekubana. Mikono ya kuchunga ng'ombe haifichiki."

Ndani, aliiweka glavu mbele ya mjane, Bi Keturah.

"Bi Keturah, aliyekosea na achukue kitu chake."

"Hakuna aliyekosea. Marehemu mwenyewe aliagiza, akasema nisikupe nyingine. Nenda kamwone."

Jeneza lilikuwa bado wazi. Mkono wa kulia wa marehemu ulivikwa glavu kuukuu ya kahawia, gumba lake limeshonwa kwa uzi wa buluu.

Zabdiel alishika ukingo wa jeneza. Barabara ya Salem ikamrudia: theluji, vijana wawili wanaokwenda mahakamani na jozi moja ya glavu, Barzilai kavaa ya kulia, yeye ya kushoto, mkono mtupu mfukoni. Uzi ule aliutia yeye mwenyewe. Alikuwa amesahau. Barzilai hakusahau.

Kumbe hata katika hili amenitangulia, aliwaza, na wivu ukamchoma mahali papya, pachungu kuliko pote.

Alirudi mezani akaichukua ya kwake. Peleg na wenzake walipoinua jeneza, Zabdiel alifuata nyuma, mkono wa kushoto umevaa, wa kulia mfukoni.