Foleni ya Saa Kumi

Saa kumi kasoro dakika tano alasiri, Fundi alipanda ngazi ya chuma hadi juu ya paa la posta, mtungi mdogo wa hewa safi begani, bisibisi mfukoni. Juu ya paa kulikuwa na sanduku jeupe la vihisi vya salfa, vyenye pua kali kuliko ya mama mkwe yeyote: moshi wa kiwanda ukipita kiduchu tu, vinajua. Ubaya wa kihisi ni kwamba husahau. Kwa hiyo kila siku, kwa nusu saa, hunyonyeshwa hewa ya mtungi ili kikumbuke sifuri ikoje. Nusu saa hiyo haihesabiwi kwenye ripoti.

Wafu walikuwa wameshafika. Walijipanga kuanzia kwenye sanduku hadi kwenye tangi la maji, wote waliokufa kwa kifua tangu kiwanda kifunguliwe, kila mmoja akingoja zamu ya kuweka pua kwenye mpira unaotoa hewa ya ziada. Fundi aliwaomba wasikanyage nyaya. Walikuwa wasikivu.

Mumewe alikuwa wa saba.

"Umekonda," Fundi alimwambia.

"Nimekufa, mke wangu. Ulitaka ninenepe?" Akakohoa, kwa mazoea tu. "Mama anaendeleaje?"

"Ulimi mzima, kifua ndiyo hivyo. Jana kanitukana kwa sababu ya chumvi, akashindwa kumaliza."

Mume hakucheka. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia mama yake akiacha tusi njiani.

"Unajua kwa nini tunakuja saa hii?"

"Si ndiyo saa ya mtungi?"

"Na wa kiwandani wanaijua. Hebu geuka."

Kwa miaka sita Fundi alikuwa ameifanya kazi hii akiupa mji mgongo, macho kwenye skrini, kama alivyofundishwa. Aligeuka. Dohani la kiwanda lilikuwa likitapika moshi wa manjano, mzito kama uji. Saa kumi na nusu kamili, moshi ukakatika. Kihisi, kilichokuwa kikinyonya mtungi wake kwa raha zake, kilikuwa kimesoma sifuri.

Kesho yake alihamishia mtungi saa nne asubuhi. Saa kumi alikiacha kihisi kinuse mtaa kama ulivyo. Namba ikapanda mpaka mara tisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Aliituma ripoti. Daktari alikuwa amesema kwamba kiwanda kikisimama hata mwezi mmoja, kifua cha mama mkwe kinaweza kupata nafuu. Kisiposimama, asiulizwe tena.

Bosi alipiga simu.

"Dada yangu, saa ya sifuri ni saa kumi. Imo kwenye mkataba. Wao wamesaini, sisi tumesaini."

"Lakini moshi unatoka saa hiyohiyo, bosi."

"Ndiyo maana nakwambia imo kwenye mkataba."

Hakuwa na hasira. Alimpa pole ya kazi, akafuta ile namba, na mahali pake akaandika hitilafu ya kifaa.

Fundi akarudisha mtungi saa kumi. Siku ya tatu alimpandisha mama mkwe, maana hewa safi ilikuwa hapo tu. Bibi alisimama kila kipago, akavuta pumzi, akamlaani aliyebuni ngazi.

Juu alimwona mwanawe.

"Na wewe! Shati tulilokuzika nalo, hata kulinyoosha?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wa mwisho hapa?"

Wafu wote wakatazama tangi la maji. Mbele ya mwanawe, nyuma ya mwalimu wa hesabu aliyekufa msimu wa baridi, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Fundi alikuwa ameiona kila siku akadhani ni watu tu hawajui kujipanga.

"Nimekushikia," alisema mwanawe. "Nilikuwa naomba usije."

"Sasa nimekuja," alisema mama mkwe, akaingia kwenye nafasi yake, akaikunja khanga vizuri.

Nyuma yao dohani lilianza kutoa moshi, kwa wakati. Fundi akafungua mtungi, akaandika sifuri, na foleni ikasogea hatua moja.