Kopo la Vidonge la Mwenyekiti

Ansbert alikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja upande wa Bukiriro kwa miaka kumi na miwili, na kama kuna kazi aliyoimudu sawasawa ni kupokea wakaguzi. Ikitangazwa Jumatatu kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi, Jumanne vyoo vya shule vinapigwa chokaa, Jumatano madawati yanaazimwa kijiji cha jirani, na Alhamisi mgeni anaandika kitabuni kuwa hali ni nzuri. Ijumaa madawati yanarudi kwao, watoto wanarudi sakafuni. Na mtu mzima na akili zake, jamani, alilionea fahari jambo hilo.

Balaa lilianza pale alipouchukua ujuzi huo akauingiza kwenye mwili wa mkewe.

Yeye na Koleta waligundulika kuwa na presha mwaka uleule. Wakapewa vidonge, kimoja kila siku, bila kuruka. Ansbert alivitazama akaona huo ni ubadhirifu. Umeze dawa siku ambayo hakuna anayekupima? Akavikusanya vyote, vyake na vya mkewe, akavitia kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Kliniki ikibaki siku nne, kopo linashuka. Wanameza, maharage yanapikwa bila chumvi, na yeye anaipa pombe ya rubisi kisogo. Kipimo kinasoma vizuri, kadi inaandikwa vizuri, kopo linarudi juu.

Koleta aliwahi kuuliza mara moja tu.

"Baba Venance, nesi alisema kila siku."

"Kwani kadi yako ni mbaya?"

Haikuwa mbaya. Akarudi jikoni, maana kubishana na Ansbert ni kama kubishana na redio.

Lakini tangu masika miguu ya Koleta ilikuwa inavimba. Akivua ndala, alama ya mkanda inabaki mpaka jioni, na asubuhi anaamka uso umejaa. Ansbert aliona, na tuseme ukweli, aliogopa. Huyu ndiye aliyelima naye, akazaa naye, aliyemvumilia yeye na kelele zake zote, na bila yeye nyumba ile ingemshinda siku ya kwanza. Kwa hofu hiyo, safari hii aliteremsha kopo siku nane kabla.

Siku ya kliniki, nesi Suzan, binti mpole mwenye macho makali, aliwaamkia, akawapima. Presha zote mbili zilikuwa nzuri. Ansbert akawageukia wenzake kwenye benchi kama mtu aliyepita bila kupingwa. Ndipo Suzan akampa Koleta kikopo akalete mkojo.

"Hilo halikuwa kwenye ratiba," Ansbert alisema.

"Vijiti vya kupimia vimefika, baba."

Kijiti kilipobadilika rangi, Suzan alikitazama mara mbili, kisha akaitazama miguu ya Koleta.

"Mama, figo zinavuja protini. Vidonge unameza kila siku?"

"Tunameza kwa utaratibu," akadakia Ansbert, akaueleza utaratibu wote, hata sehemu ya maharage.

Suzan hakugomba, na afadhali angegomba.

"Baba, figo inachungulia damu inayoifikia. Ikiona ni kidogo, inatoa ujumbe. Ujumbe ule unachukua kitu kilichotoka kwenye ini, unapita kwenye mapafu, unageuka kuwa amri: mishipa, jibaneni. Amri hiyohiyo inafika kwenye tezi iliyokaa juu ya figo, nayo inatoa homoni ya kuzuia chumvi isitoke. Ubongo unatoa ya kuzuia maji. Presha inapanda."

"Ngazi kwa ngazi," Ansbert alisema, akafurahi kidogo. "Hiyo ni serikali kabisa."

"Ndiyo. Moyo nao ukielemewa unatuma homoni yake, unaomba chumvi na maji vitolewe, lakini sauti yake inazidiwa. Sasa presha ikiwa kubwa muda mrefu, vimishipa vya figo vinaumia, vinaziba. Figo inaona damu ni kidogo tena, inalalamika tena, mishipa inabanwa tena. Kidonge kazi yake ni kuizuia ile amri. Na amri inatolewa kila siku, baba, hata siku ambayo mimi sipimi."

Malalamiko yanayopanda juu na kurudi yakiwa adhabu kwa aliyelalamika, hayo Ansbert aliyafahamu vizuri kuliko nesi. Ameyatia mhuri mwenyewe miaka yote hiyo.

"Zitapona?" aliuliza.

"Hospitali watasema. Kuna kiasi kilichokwisha kufa, hicho hakirudi."

Akaanza kujaza karatasi ya rufaa. Ansbert alinyoosha shingo akaona, kwenye sababu, ameandika kwamba dawa hazikumezwa, zilizuiliwa na mume.

"Binti, hapo andika tu kwamba hali ni ya kawaida."

"Nikiandika hivyo, baba, figo zitasoma?"

Koleta alikuwa ameinama akiangalia miguu yake. Hakuinua kichwa.

"Andika ilivyo, mwanangu," alisema. "Mimi nilikuwa namwogopa yeye, sikuwa naogopa presha."

Suzan akaisukuma karatasi upande wa Ansbert, kwenye mstari wa ndugu wa mgonjwa. Maishani mwake Ansbert alikuwa ametia sahihi karatasi ngapi bila kuzisoma, hata hajui. Hii aliisoma yote, polepole, akirudia mistari ambayo machozi yalikuwa yanaificha. Kisha akaandika jina lake, na mbele yake akaandika: mume.