Duka Mbali, Nyumba Mbali

Fundi alikuwa na neno moja tu mdomoni mwezi ule: programu, ile ya kompyuta ya kuwekea hesabu. Alikuwa amelichoka kopo la bati lililokaa chini ya meza ya kukatia vitambaa dukani kwao. Humo pesa za sare za shule na pesa za unga zililala pamoja, na wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa hapiti kusalimia akatoka mikono mitupu. Miaka kumi na moja Fundi alishona mpaka mgongo ukapinda, na kila akiuliza sehemu yake iko wapi, mumewe alimjibu lile lile: "Chetu si ni kimoja?"

Mume huyo mtaa mzima ulimwita Mkurugenzi, kwa sababu ya faili alilotembea nalo kwapani. Ndani yake hamkuwa na hata karatasi moja, ila hayo tuyaache.

Programu za kujaribu bure kwa wiki mbili zilikuwa mbili. Ya kwanza ilichanganya kila kitu, sawasawa na lile kopo. Ya pili ilikuwa na upande wa nyumba na upande wa duka, na pesa haikuvuka bila kuandikwa nani kaichukua. Fundi akaipenda hiyo palepale. Kila akimaliza kukunja sare alikaa kwenye kompyuta akaingiza vitu: nyuzi, vifungo, zipu, pasi, hadi cherehani aliyoinunua kwa pesa yake kabla hajaolewa. Penye mwenye mali aliandika jina la mumewe. Mke gani angelitanguliza lake? Ni heshima tu, alijiambia, na haya ni majaribio, siku ya kununua tutarekebisha.

Jumamosi asubuhi akamkalisha Mkurugenzi mbele ya kompyuta, akamwonyesha alichochota dada yake kwa siku kumi na nne. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi.

"Umesema kweli, mama watoto," mume akasema. "Duka mbali, nyumba mbali. Tununue hii."

Maskini Fundi, alifurahi mpaka akaenda kumchemshia chai.

Aliporudi na kikombe, wifi yake alikuwa ameshakalia kiti chake. Upande wa duka uliruhusu watumiaji wawili, na majina mawili yalikuwa yameshajazwa: la Mkurugenzi na la dada yake.

"Na mimi?"

"Wewe uko upande wa nyumba," mume akajibu. "Si ndivyo ulivyotaka, vitenganishwe?"

"Mimi ndiye ninayeshona!"

"Kwani nani amekukataza kushona?"

"Basi niandikeni hata kwenye wafanyakazi."

Mkurugenzi alicheka, tena kwa moyo mweupe kabisa. "Mfanyakazi analipwa mshahara, mama watoto. Nimlipe mke wangu mshahara? Watu watanionaje?"

Fundi akaweka kikombe chini. "Basi cherehani yangu ihamishieni upande wa nyumba."

Wifi, ambaye hajawahi kutunga uzi kwenye sindano, akabofya, akasoma kwa sauti: cherehani moja, mali ya duka, mwenye mali kaka yake. Aliyeingiza: Fundi.

"Wifi, si umeandika mwenyewe?"

Mkurugenzi akauchapa ukurasa ule, akautia kwenye faili. Kwa mara ya kwanza faili lilikuwa na kitu ndani.

Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua vizuri ile programu, wakamwachia Fundi amalizie. Aliingiza matumizi ya nyumba kama mume alivyoyataja: unga, gesi, sabuni, mke. Hakulia. Angelia mbele ya nani?

"Halafu wifi," dada mtu alisema akiwa mlangoni, kopo kwapani, "gauni langu nalitaka Jumatano. Hilo usiliandike. Sisi si ndugu?"

Fundi akavuta kiti, akatunga uzi kwenye cherehani ya duka.